Kihenge Kilichoanguka Bila Kuku

Jumatatu, 7 Julai. Sabasaba.

Nestory, mjukuu wangu, Krismasi mbili umezipita kama basi lisilo na abiria wa kushusha. Huna aibu? Basi nakuandikia, ukija usome mwenyewe. Daftari ni lako, la jiografia, darasa la sita. Umejaza kurasa nne tu, mvivu wewe! Wa nne umechora bahari, ukaipaka bluu mpaka karatasi ikatoboka. Ningejua, ningelichoma siku ile ile.

Mimi shule sikuiona hata dirisha lake. Herufi alinifundisha babu yako Stanley, kwa mkaa, kwenye ukuta wa jiko. Vumilia.

Leo umepiga simu. Meli yenu ya mafuta imezama! Nikapiga kelele hadi mbwa akakimbia. Ukasema tulia Bibi, sote wazima, maji yalikuwa yametulia kama uji uliopoa. Kapteni alishuka na sanduku, viatu vya Jumapili na chupa yake ya chai. Sasa mwenye meli anadai bima: alipwe meli, alipwe na mafuta yaliyojaa ndani. Watu wa bima wanauliza, mafuta yenyewe yako wapi? Baharini halijaonekana hata tone. Nikacheka. Wezi gani hawa! Hata mimi ningemwaga madebe mawili ya kuonyesha.

Pasipoti zenu zimeshikwa huko ugenini, hakuna kuondoka. Kapteni anataka mseme ilijaa. Nikakwambia sema ilijaa mpaka mlangoni, mradi uje. Ukaniuliza, si mimi niliyekuchapa kwa uongo wa sukari? Nilikuchapa, ndiyo. Siku hizo ulikuwa karibu.

Jumanne, 8 Julai

Ulisema mwenye maafa nyumbani anaachiwa mapema, akileta barua yenye muhuri. Nimelala na neno hilo, nimeamka nalo.

Asubuhi nikaenda kwa mtendaji wa kijiji, Lutengano, yule wa Mbeya. Nikamwambia nakufa, aandike. Akasema shikamoo Bibi Agnesi, na mbona anayekufa amekuja na jembe begani? Nimetoka bila barua. Jembe! Mkono umezoea.

Jumatano, 9 Julai

Akili imekuja. Kihenge kikianguka na ulezi wa mwaka mzima, hayo si maafa?

Watu wakiwa shambani nikahamisha ulezi wote. Kwa tenga, mpaka kiuno kikalia. Nimeuficha chumbani kwako, magunia tisa. Chumba bado kinanuka wewe, sabuni na viatu. Nikakaa juu ya gunia. Si kupumzika. Kukaa tu. Shati lako la kijani bado liko msumarini. Sijalifua.

Kisha panga kwenye nguzo. Kihenge puu! Nyasi na udongo vikafunika pote, nani angejua chini hamna kitu? Nikalia vizuri sana. Kilio chenyewe kilikuwa cha kweli, kilipata tu kisingizio.

Alhamisi, 10 Julai

Wa kwanza kufika, Albina. Jirani huyu unamjua, kila asubuhi lazima nisikie mwanawe Loth amemchotea maji, Loth wake amemkatia kuni. Loth, Loth, Loth. Leo amekuja na debe la ulezi kichwani. La mbegu! Akasema Mfipa hamwachi mwenzake na kihenge kitupu. Nikaumwa kidogo moyoni. Kidogo.

Wakaja wengine. Madebe kumi na manne! Lutengano naye akaja, akaandika barua palepale gotini, akapulizia muhuri tayari kuugonga. Nikakuona tayari unashuka basi Sumbawanga, umekonda, nakusema.

Albina akasimama, akakitazama kihenge kilicholala. Akatazama pembeni. Akaniuliza, "Dada Agnesi, kuku wako wamefunga Kwaresima?"

Hapakuwa na kuku hata mmoja! Ulezi wa mwaka mzima umemwagika, na hakuna wa kudonoa. Watu wote wakageuka. Kuku kumi na mmoja chini ya dirisha lako, jogoo amepanda juu kabisa, anachungulia ndani.

Lutengano akarudisha muhuri kwenye kopo lake. Taratibu.

Ijumaa, 11 Julai

Hukumu ya kijiji: nirudishe kila debe kwa mwenyewe, kisha nipikie kijiji kizima pombe ya ulezi. Albina amepita akaniambia ningemwambia mapema angenifungia kuku. Mwanamke huyu!

Jumatatu, 14 Julai

Umepiga. Nikakusimulia yote. Ukacheka mpaka ukakohoa.

Ukasema karatasi ya kapteni ilikuwa mbele yako, kalamu mkononi, bado sahihi tu. Sasa unawaona kuku wangu juu ya bahari, wanatafuta mafuta, hawayaoni. Ukasema huwezi.

Jumatano, 16 Julai

Umewaambia watu wa bima ukweli. Kwamba mafuta mliyahamishia meli nyingine siku tatu kabla, kwa mabomba makubwa ya mpira, na kapteni akawakataza kusema. Sasa wewe ndiye shahidi mkuu. Hutarudi hadi kesi iishe. Pengine mwaka.

Kwa hiyo panga langu mwenyewe limekufunga huko.

Nimekusifu kwa watu wote kisimani. Nikarudi nikalia. Vyote kabla ya chai.

Jumapili, 20 Julai

Baada ya misa watu wamekunywa pombe yangu. Albina vikombe vitano. Akasema Loth hajawahi kusema kweli iliyomgharimu hata kikombe. Nikampa cha sita.

Wewe usiwe na wasiwasi. Nimewaza upya. Wale wa meli kosa lao si uongo, ni haraka. Na langu vilevile. Mwezi ujao anapotea ng'ombe. Ng'ombe hafuatwi na kuku. Albina amekubali kumficha, ila Loth asijue.

Na ulezi haukwisha wote. Magunia mawili nimeyabakiza chini ya kitanda chako, Lutengano alipokuja kuhesabu ulezi wa pombe hakuinama. Ni ya ugali wako. Ukija usianze kunisalimia uwanjani, watu watakunyang'anya. Pitia nyuma, ingia chumbani, vaa shati la kijani, kisha niite. Na mlango uufunge kwanza, kuku wasione.