Poleni Sana, Tumesikia

Jumatatu, 9 Juni

Wiki ya pili bila mteja. Dada Syokimau amefika hapa Kawangware kuikagua mashine yake ya kuosha kapeti. Akapitisha kidole juu yake. Vumbi! Akasema nisipopata kazi kufikia Ijumaa saa kumi na moja jioni, mashine inahamia kwa Ephantus, mlango wa pili. Ephantus! Juzi tu alikuwa akinibebea ndoo.

Nikamuuliza Ephantus, kwa ujanja, huwa anawaandikia watu nini. Akanionyesha bila aibu: "Naitwa Ephantus. Naosha kapeti na makochi. Niko Kawangware. Nije lini?" Basi! Hakuna chumvi, hakuna ndimu. Amepata wateja watatu. Bahati tu.

Jumanne, 10 Juni

Siri nimeipata! Mtaalamu mmoja wa biashara kwenye video ya simu anasema ukimwandikia mtu usiyemjua, usianze na habari zako. Anza na uchungu wake. Nimewaza asubuhi nzima. Sisi mtu akiwa na uchungu tunamwambiaje? Pole! Nikaandika: "Poleni sana. Tumesikia mnayopitia. Hamko peke yenu. Musili." Kapeti sikuitaja kabisa. Mteja ataniuliza mwenyewe. Nimetuma kwa namba arobaini za Upper Hill, Parklands na Karen, zote nimezitoa kwenye mabango. Nilipousoma ujumbe huo tena machozi yalinilengalenga. Kumbe nina kipaji!

Jumatano, 11 Juni

Majibu thelathini na moja! Ephantus hajawahi kuyaona. Ni kweli, wengi wanauliza nani amekufa. Daktari wa meno wa Parklands aliandika: "Pole ya nini? Kwani ni mimi nimekufa?"

Kisha akapiga simu Bwana Maina wa ofisi moja Upper Hill, akinong'ona. Alitaka kujua nani ameniambia kwamba watu wanafutwa kazi. Nikasema sijui lolote. Akasema hata wakubwa wao husema hivyohivyo. Kufikia saa saba watu watatu walikuwa wameshafungasha vikombe vyao vya chai. Saa tisa mkubwa wao akanipigia. Aliyoyasema siyaandiki, Mama asije akayasoma.

Ephantus ameuliza kama mashine inatumia maji moto au baridi.

Alhamisi, 12 Juni

Kimya. Nimeifuta mashine vumbi, kama mtu anayemwandaa bibi harusi wa mwingine. Niliumia, sitaficha.

Saa kumi simu ikalia. Mama Veronicah, wa Karen. Akauliza mimi ni Musili yupi, wa upande wa marehemu mzee wake au wa kanisani. Alimzika mumewe mwezi uliopita. Akasema watu wote wamesharudi makwao, na pole yangu ilimfikia siku ambayo hakuna hata mmoja aliyemjulia hali.

Nilitaka kumwambia ni wa kanisani. Ulimi ukakataa. Nikasema ukweli: mama, mimi naosha kapeti. Nikajua nimeharibu. Mara akaangua kicheko hadi akakohoa. Akasema kapeti yake imekanyagwa na waombolezaji wa kaunti tatu, nije kesho.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeosha kama sijawahi kuosha. Mama Veronicah alikaa jikoni akinisimulia habari za mzee wake, jinsi alivyogombana na kila mtu aliyeingia sebuleni na viatu. Tukacheka wote. Saa kumi na moja kasoro Syokimau akapiga. Mama Veronicah aliiomba simu, akamwambia kaka yake ni fundi kweli. Mashine imebaki kwangu!

Wakati wa kuniaga, Mama Veronicah akanishauri taratibu: mwanangu, mara nyingine taja jina lako, kazi yako na unakotoka, inatosha. Nikamshukuru sana.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeupima ushauri wa Mama Veronicah. Ana moyo mzuri, lakini biashara haijui. Hivyo si ndivyo anavyoandika Ephantus? Kosa langu lilikuwa moja tu: pole inatisha watu. Asubuhi hii nimetuma kwa namba mpya sitini: "Hongera sana! Tumesikia. Usijali, siri yako tutaitunza. Musili."

Dakika tano tu, bwana mmoja wa Parklands amejibu kwa herufi kubwa: "UMEAMBIWA NA NANI?"

Huyo tayari ni mteja.