Mbege ya Ubelgiji

Jumatatu, 2 Oktoba 2006

Nimechoka. Erick kaamka alfajiri akaamsha jengo zima. Baba mkwe akamchukua, akamlaza kifuani, akamwimbia kile kiwimbo cha kufukuza ndege kwenye ulezi. Mtoto kimya! Nikalala mpaka saa mbili. Sijalala mpaka saa mbili tangu niolewe.

Huyu mzee simwachii mtu.

Visa yake ilichelewa hadi ubatizo wa Erick ukamsubiri, na sasa mbatizwa ana meno sita. Mzee Severin katoka Kibosho mpaka huku Texas na sanduku moja. Ndani yake, imeviringishwa kwenye sweta, kata yake ya kunywea mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Tumeiweka juu ya TV. Kavu. Anaitazama kuliko anavyotazama TV. Hajacheka tangu amzike Mama mkwe mwaka jana.

Leo wifi Apolonia kapiga simu kutoka Pearland, mji wa jirani. Ana vyumba vinne na bafu la wageni ambalo mgeni hajawahi kuoga. Kasema ubatizo ukiisha, Baba ahamie kwake mpaka Krismasi, "apumzike, wifi, maana huko Sharpstown mmebanana." Halafu akaongeza, kama jambo dogo tu, kwamba siku ya ubatizo atamtengenezea baba yake mbege kwa mikono yake.

Apolonia! Anayeunguza maji ya chai!

Lakini Baba aliposikia neno mbege alikaa wima. Nilimwona. Kwa hiyo iko wazi: atakayemnywesha mbege ndiye atakayebaki naye. Lazima niwe mimi.

Jumatano, 4 Oktoba

Nimeanza. Ndizi mbivu unachemsha mpaka ziwe nyekundu, unaziacha zichachuke. Uji wa ulezi. Gome la msesewe la kutia uchungu. Haya nayajua. Vipimo sivijui, maana kwa bibi yangu kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku wasiingie kwenye ulezi uliolowekwa. Nikiulizwa habari za kuku nitajibu yote.

Unga wa ulezi nimepata kwa Wahindi, mtaa wa Hillcroft. Msesewe hakuna Texas nzima. Nimetia majani ya chai. Nikafunga dumu vizuri sana, nikasukuma chini ya sinki. Joyceline kauliza kama anaweza kuonja. Nimemwambia hapana, na hapana ya mama haina ndugu. Ana miaka mitano na anataka kujadiliana kila kitu, kwa Kiingereza.

Ijumaa, 6 Oktoba

Dumu limepasuka!

Baba kaja jikoni taratibu, kauliza kwa heshima kama kuna mnyama amefia ukutani. Nikasema bomba. Melkiori yuko na lori njia ya Dallas. Kwa simu kasema tu nisafishe kabla hajarudi. Hiyo ndiyo pole ya mume wangu.

Jioni nikaenda kazini, kwenye duka la vileo, nikinuka ndizi. Bosi, ambaye kimoyomoyo namwita Bwana Ndevu, alikuwa na furaha ya ajabu. Kapokea bia za Ubelgiji ambazo Wabelgiji wenyewe wanaziachia upepo wa usiku uzichachushe, hawatii hamira. Sisi nyumbani kitu kikichacha chenyewe tunakipa jina. Wao wanakipa kizibo na waya kama shampeni. Akatuamuru sote tuonje na kila mtu aandike kadi ya kubandika kwenye rafu.

Ya kwanza, ya kahawia nyekundu: siki. Naiona kwenye kachumbari. Ya pili, ya cheri: dawa ya kikohozi iliyosoma. Mwenzangu mmoja akafumba macho, akasema anasikia harufu ya blanketi la farasi. Wote wakatikisa vichwa kukubali. Mimi farasi sijawahi kumfunika.

Ya tatu jina lake geuze. Ukilitamka unaonekana unatapika. Nikameza kidogo.

Jamani.

Jiko la bibi. Moshi machoni. Mvua inapiga migomba, na bibi ananipa povu kwenye ncha ya kidole chake kigumu, ananiambia onja upesi, babu yako asione. Uchachu uleule unaobana mashavu, na huku nyuma harufu ya zizi, na ule uchungu kidogo unaobaki kama mtu aliyekuaga lakini bado kasimama mlangoni. Nikasimama katikati ya duka machozi yananitoka. Bwana Ndevu akaniomba radhi, akidhani imenikera.

Nikaandika kadi: "Ladha ya mbege ya bibi yangu Kibosho, siku ya tatu, inapoanza kutafuta ugomvi." Kaipenda! Kaibandika karibu na mlango, pa kuonekana na kila aingiaye. Tangu darasa la saba hakuna nilichoandika kikabandikwa popote.

Halafu wazo likanijia hapohapo, na mteja mbele yangu anasubiri.

Jumapili, 8 Oktoba

Mpango: nanunua geuze, nachanganya na uji wa ulezi uliopoa, namimina kwenye ndoo. Nani atajua?

Jana nilinunua chupa moja ya majaribio. Leo baada ya misa nikaichanganya, nikampelekea jirani yangu Annonciata, mtu wa Bukavu, mlango wa pili. Kanywa. Kanitazama. Kanywa tena. "Mama Joy, hii njo kasiksi ya kwetu kabisa! Bazungu bameitosha wapi?" Nikamwambia Wazungu wameitoa kwao Ubelgiji. Akataka kumpelekea mume wake nikamzuia. Kasiksi ni pombe ya ndizi pia, kwa hiyo jaribio limefaulu.

Nilimkuta Baba palepale barazani kwa Annonciata, kwenye kiti cha plastiki, Erick mapajani. Kila anayepita hapo barazani yeye humsalimia kwa Kichaga "Shimboni!" na Wameksiko wa ghorofa ya juu sasa wanamjibu "Shimboni, abuelo!" yaani babu. Nimemwonea huruma. Mzee wa watu, hana pa kukaa ndani, anakaa nje na wapita njia.

Jumanne, 10 Oktoba

Leo ilikuwa siku ya maigizo. Mbege haiwezi kutokea bila watu kusikia harufu. Nikachemsha sufuria kubwa ya ndizi, si za kunywa, za kunusa tu. Nikapitiwa na usingizi sekunde moja kwenye kochi.

King'ora cha moshi! Erick analia, Joyceline anaruka juu ya kitanda akipiga kelele, jirani wa chini anagonga dari kwa fagio. Nikakimbilia jikoni. Baba alikuwa amefika kabla yangu. Kazima jiko, lakini hajafungua dirisha. Kasimama katikati ya moshi, kofia mkononi, anavuta pumzi. Nikamwambia Baba toka, utakohoa. Akasema subiri kidogo, mama. Akasema marehemu Mama naye aliunguza ndizi za mbege siku za mwanzo za ndoa, na yeye akainywa hivyohivyo mwaka mzima bila kulalamika.

Nikasimama naye. King'ora kikalia mpaka kikachoka.

Sasa siwezi kurudi nyuma.

Alhamisi, 12 Oktoba

Msiba! Nimefika kazini, rafu ya geuze tupu. Bwana Ndevu anacheka mpaka ndevu zinacheza. Kasema kadi yangu imefanya maajabu: mama mmoja Mwafrika, kavaa nguo za kinesi, alisoma kadi, akapiga yowe, akaisoma tena, akabeba kreti zote na kukataa kusaidiwa. Alisema anaishi Pearland.

Bahati mbaya iliyoje! Pearland kuna Waafrika wengi, na mlevi mmoja kati yao kanimalizia mbege yangu. Nesi mzima! Nitamwambia Apolonia awe macho na wenzake hospitalini.

Zimebaki za cheri tu. Nimechukua za cheri. Mbege nyekundu ipo, nadhani. Chupa nimezificha chini ya sinki, pale palipokuwa na dumu.

Jumapili, 15 Oktoba

Niandike kabla sijasahau nilivyokuwa sahihi.

Misa nzuri. Erick hakulia, alijaribu kumng'ata padre. Tukaenda kwa Apolonia Pearland, maana ana sebule, na sebule hiyo ina zulia jeupe kama maziwa. Kila mtu kavua viatu isipokuwa Baba, ambaye hakuna wa kumwambia.

Mezani ndoo mbili. Ya Apolonia imefunikwa jani la mgomba! Kalipata wapi, sijui. Yangu imefunikwa taulo la Erick. Apolonia akachungulia yangu, nyekundu kama damu, akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Wifi, hii mbege yako imejikata?" Nikamjibu ni mbege ya kwetu upande wa juu, huko huwa inaiva zaidi. Akasema upande wa juu gani, wakati mimi na yeye tumezaliwa tunatenganishwa na mfereji mmoja.

Melkiori akatazama dari.

Nyumbani aliyetengeneza huonja kwanza mbele ya mzee, ajulikane hakutia kitu. Apolonia akaonja yake, akafumba macho kama mtakatifu. Mimi nikaonja yangu. Uji na cheri. Nikatabasamu kwa nguvu zangu zote. Baba akaitoa kata kwenye sweta. Akanywa ya binti yake. Akanywa yangu. Akarudia ya binti yake. Ulezi ukabaki kwenye masharubu. Nikasogeza ndoo yangu karibu naye.

Hapo Joyceline akaingia kutoka gereji, mikono juu, amebeba vizibo na vile vikofia vya waya. Akatangaza kwa Kiingereza chake safi kwamba shangazi ana chupa nyingi huko, na ni zilezile za kazini kwa mama!

Apolonia! Nesi wa Pearland! Kasoma kadi yangu! Nikasimama. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, na maneno yalikuwa mazuri sana, nayakumbuka yote. Lakini mwanangu hakuwa amemaliza. Akaongeza kwamba na sisi tunazo, chini ya sinki, ila zetu zina picha ya matunda.

Nikakaa.

Kwanza nilidhani Baba anakohoa. Mabega yanatikisika, kata inatikisika. Alikuwa anacheka! Alicheka mpaka akashika meza, mpaka Apolonia na mimi tukashikana mikono kwa hofu. Akasema amekunywa mbege tangu hajaota ndevu, na hizi mbili si mbege. Moja ni mbege iliyokwenda shule ikasahau nyumbani. Nyingine hajui ni nini, lakini ingemchekesha Mama kwa mwezi. Kisha akainamisha kata akammwagia marehemu Mama kidogo, chini, kama inavyopaswa.

Ile ya cheri. Kwenye zulia.

Apolonia akasema "Baba!" halafu na yeye akaanza kucheka huku analia. Alitaka baba yake anywe kitu cha nyumbani, basi, akasema, na kila akipiga simu Kibosho mtu aliyejua vipimo ameshakufa. Nikampa taulo la Erick, akafutia macho, halafu zulia.

Wakati wa kuondoka Baba akaingia kwenye gari letu na sanduku lake. Akasema nyumba ya Pearland ni nzuri sana, ila barazani hapiti mtu wa kumsalimia.

Jumatatu, 16 Oktoba

Baba amebaki! Nimelala mpaka saa mbili na nusu. Mpango wangu umefaulu kabisa.

Annonciata anadai Baba alimwambia tangu wiki iliyopita kwamba hahami, anawapenda majirani. Annonciata ni mtu mwema lakini mambo ya pombe hayaelewi. Ni ile cheri. Nilijua tangu mwanzo.

Apolonia kapiga simu. Kasema kuna mtu wa Dallas anarudi kutoka Moshi na msesewe halisi kwenye sanduku, Krismasi tupike pamoja, jiko moja, Baba akae kwenye kiti aturekebishe. Nimekubali kwa moyo mweupe. Kwa usalama nitaweka chupa chache za geuze nyuma ya nepi. Si kumdanganya mtu. Kumsaidia.

Maana mzigo mpya umefika dukani, na Bwana Ndevu anataka kadi nyingine. Safari hii nimekuwa mjanja. Neno mbege sikuligusa. Nimeandika: "Ladha ya kasiksi." Apolonia apite hata mara kumi, hatajua.

Annonciata kaniomba anwani ya duka. Anasema kanisani kwao wana harusi tatu Desemba. Nimempa. Sioni ubaya.