Makofi ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Kazi imeingia! Kitabu cha kusoma cha shule nzima, Kiingereza kitupu. Mwalimu mkuu anataka sampuli Ijumaa. Isipompendeza, kazi inavuka barabara kwenda kwa Kipara. Kipara! Mtu niliyemfundisha mwenyewe kupaka gundi, leo ana kiwanda cha uchapaji mbele ya changu.

Nimepanga. Kurasa sitini na saba. Karatasi kubwa moja ikikunjwa hutoa kumi na sita, kwa hiyo nne hutoa sitini na nne. Tatu zimezidi. Dawa ni kukata maneno mwisho wa mstari, nusu juu, nusu chini. Hesabu haidanganyi.

Jumanne, 5 Machi
Nimekata kama tulivyofundishwa darasa la kwanza: ba, be, bi, kila kipande kiishie na irabu. Kurasa sitini na nne barabara! Kipara akaja kuazima stepla, akachungulia. Akasema, "Kaka, hapa Kiingereza kimepata ajali." Na stepla akaondoka nayo.

Mke wangu anasema Kiingereza kina silabi zake. Nikamuulize mama yake, mwalimu mstaafu.

Jumatano, 6 Machi
Mama mkwe amenipokea barazani. Njia yake rahisi: tamka neno, piga kofi kwa kila silabi, kata kati ya kofi na kofi. Area, herufi nne, makofi matatu. Strength, herufi nane, kofi moja! Wizi wa mchana. Nikauliza kwa heshima kama neno haliwezi kuongezewa hata kofi moja. Akasema, "Mwanangu, hapa si sokoni, hakuna nyongeza." Kesho jioni tunafanya kitabu chote.

Alhamisi, 7 Machi
Yeye anatamka na kupiga, mimi nachora vistari. Adabu hainiruhusu kumkodolea mkwe macho, basi nilikaa upande, nimeinamia karatasi. Makofi yalikuwa mengi kuliko jana, hasa jua lilipozama. Table, matatu. Strength, mawili! Kumbe amelifikiria ombi langu. Sikuuliza. Mkwe haulizwi mara mbili. Sampuli nimechapa.

Ijumaa, 8 Machi
Mwalimu mkuu alisoma ukurasa wa kwanza, akavua miwani. Akauliza nani amelikata neno strength. Nikamtaja mama mkwe, kwa fahari. Akampigia simu papo hapo. Sauti ya mama ilifika mpaka kwenye mashine: "Mengine yalikuwa ya mbu! Ulitaka waninyonye niishe?" Eti aliniona nikichora kila kofi, akadhani ni bidii.

Mwalimu mkuu alicheka mpaka akatoa machozi, kisha akavuka barabara na kazi yangu mkononi. Kipara amemwomba mama mkwe amkatie maneno ya kitabu chote. Amekubali. Ndani ya chandarua.

Jumamosi, 9 Machi
Nimepiga hesabu upya. Njia ilikuwa sahihi. Kosa ni la mbu.

Nimepata kazi nyingine: kanuni za chama cha madereva, Kiingereza tena. Mke wangu ameniwekea kamusi mezani, eti humo kila neno limeshakatwa. Kitabu kizito vile, nani ana muda? Nimemwita shemeji, mdogo wake wa mwisho, mpiga ngoma za harusi. Kiingereza hajui hata salamu. Lakini mkono wake haukosei, na hakuna anayeua mbu kwa ngoma.