Mkubwa Hukaa Nyuma

Habari aliisoma Gazeti, kama kawaida yake, kabla hata sijamaliza kufuta viti. Huyu bwana ni mshona viatu, lakini tangu anunue simu kubwa, viatu vya watu vinangoja mpaka amalize mambo ya dunia. Kibaraza ni changu, mbele ya duka langu la kunyoa, na simfukuzi kwa sababu wanaokuja kumsikiliza wengine huishia kwenye kiti changu.

"Idara ya maji," akasoma, "yapeleka wakuu wake ufukweni kujifunza kayaki, ili kuimarisha uongozi."

Dada Kahawa, anayetuuzia kahawa hapo na kutupa maneno makali bila malipo, aliweka birika chini akauliza kayaki ni mdudu gani. Gazeti akamweleza kwamba ni kiboti chembamba cha plastiki, unakaa humo miguu umeinyoosha kama mzazi wa jana, unapiga kasia kushoto, unapiga kulia. Wanaoanza hupelekwa penye maji yaliyotulia, karibu na nchi kavu.

"Na hayo maji wameyapata wapi?" akauliza Dada Kahawa.

Tukavunjika mbavu. Wiki ya tatu hii mabomba ya mtaa wetu yanakohoa hewa tu. Mimi wateja nawaosha vichwa kwa kikombe kimoja, na mwenye kichwa kikubwa namwambia wazi kwamba haki yake ni ileile. Halafu wenye funguo za maji wameenda kuyachezea! Nilisema aliyeshiba hamjui mwenye njaa, nikasema na mengine ambayo hayaandikiki.

Asiyecheka alikuwa Koki. Koki ni fundi bomba wa idara hiyohiyo, kibarua mwaka wa tisa sasa, na kila mwaka anaambiwa barua yake ya ajira ya kudumu iko mezani kwa mkuu. Anaililia kwa jambo moja. Ajira ya kudumu ina bima, na mama yake ana mtoto wa jicho macho yote mawili, hamwoni hata mjukuu aliyempakata. Sote tunalijua hilo, kwa hiyo mambo ya idara huwa tunamtania kwa kiasi.

Gazeti aliivuta picha kwenye simu, akaisogeza puani. "Hebu ngoja. Huyu aliyekaa mbele si wewe?"

Alikuwa yeye, ndani ya jaketi la kuokolea rangi ya chungwa, amekodoa macho. Ikabidi aseme. Kumbe Jumamosi mkubwa mmoja aliugua, na kayaki zenyewe zilikuwa za watu wawili wawili. Mkuu akabaki bila mwenza, akaagiza aitwe Koki. Akamwahidi kwamba safari ikienda salama, Jumatatu barua yake inatoka.

Mwalimu wao, dada mmoja mpole, aliwafundisha kwanza mchangani. Akasema wa mbele anaweka mwendo tu. Anayeongoza chombo ni wa nyuma. Akashauri Koki ndiye akae nyuma, maana mkono wake ulikuwa umeshalizoea kasia. Mkuu akakataa katakata. Akasema tangu apewe gari hajawahi kukaa mbele na dereva, na hataanzia baharini. Akaingia nyuma, akalaza kasia mapajani, akakunja mikono.

"Akasema twende," akaeleza Koki.

"Mkaenda wapi?" nikamuuliza.

"Tuende wapi, kaka? Mimi napiga kasia mbele, nyuma hakuna anayeongoza. Tulizunguka palepale mpaka nikasikia kizunguzungu."

Gazeti akasema basi mbona hiyo ndiyo idara yenyewe. Dada Kahawa akasema miaka yote wanazunguka hivyohivyo, safari hii wamepigwa picha tu.

Wale wa kayaki nyingine walianza kucheka chini chini. Mkuu akageuka ghafla kuona ni nani anayecheka, na chombo kikageuka naye. Koki akachomoka. Mkuu aling'ang'ania kayaki iliyopinduka, jaketi limempanda masikioni, akimwita marehemu mama yake. Alipoona mama haji, akaanza kutubu kwa sauti. Akataja pampu mbili mpya za mtaa wetu, akamwapia Mungu kwamba akitoka hai atazing'oa shambani kwake na kuzirudisha.

Hapo kicheko kilinikauka. Kwa hiyo vikombe vyangu vya maji viko kwenye migomba ya mtu.

"Na maji yenyewe yalikuwa na kina gani?" akauliza Gazeti.

"Kiunoni," akasema Koki. "Nikamwambia, mkuu, simama. Akasimama. Ufukwe mzima ukaangua kicheko."

Kisha akatoa bahasha mfukoni. Alipewa asubuhi hiyo getini, hakuwa na moyo wa kuifungua, na mama yake alishapiga simu mara mbili kuuliza kama imetoka. Nilimwambia mtu aliyemwokoa mkuu wake hawezi kukosa barua, na Mungu ananiona, niliamini nilichosema. Dada Kahawa akammiminia kahawa ya pongezi, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimjue. Koki akampa Gazeti aisome.

Gazeti alianza kwa sauti ya taarifa ya habari, kisha sauti ikashuka. "Kwa kosa la kumwamuru mkuu wako asimame mbele ya walio chini yake, kuanzia leo umesimamishwa kazi."

Nilikasirika mpaka nikauweka wembe chini, na nilikuwa na mteja mwenye ndevu anasubiri. Dada Kahawa akauliza kama pampu nazo zimetajwa. Gazeti akaigeuza karatasi nyuma, akatikisa kichwa.

Koki aliichukua barua yake, akaikunja mara nne, akaimaliza kahawa yote.

"Sawa," akasema. "Mimi nilimsimamisha asife maji. Yeye kanisimamisha nife njaa."