Msaidizi Mmoja, Makarani Arobaini

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Waheshimiwa Wakurugenzi, Mchungaji uliyetufungulia kwa maombi, Chifu, Naibu wa Chifu, Mke wa Naibu wa Chifu, washikadau wote wa majani mabichi, mabibi na mabwana, chamgei! (Chamgei mising!) Mimi, Gibson Chepyegon, Mkurugenzi wa Mageuzi ya Kidijitali katika kiwanda hiki cha chai cha hapa Kimulot, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao hakuna mkurugenzi mwingine aliyewahi kuufikia. Tua hapa wapige makofi. (Makofi mawili.)

Mtaniwia radhi, hotuba hii imeandikwa na msaidizi wetu wa akili unde, nami naisoma neno kwa neno kuonyesha imani yangu. Tangu nimzindue mwezi wa kwanza, mnamwandikia swali kwa simu naye anajibu, na kwa mujibu wa utafiti ambamo nilijihoji mimi mwenyewe, ufanisi umepanda kwa asilimia mia moja na kumi na nne. (Wooi!) Leseni ilitolewa moja tu, kwa karani wa mizani, Isaiah. Naye akawagawia makarani arobaini paswadi! Nilipomuuliza, akaniambia bila haya kwamba hapa kwetu jirani asiye na namba ya kuuzia chai hupimiwa majani yake kwa namba yako, na hakuna aliyewahi kufungwa. ("Ni kweli!") Ni kweli, lakini akili unde si kikapu cha majani.

Mtambo ulichoka, ndugu zangu. Juzi Joan wa ofisi aliomba ripoti ya unyevu, akajibiwa, "Ngoja kwanza, maziwa inamwagika." (Kicheko.) Hiyo kitaalamu inaitwa apdeti. Opiyo dereva naye aliulizwa kama anakunywa na sukari ama bila. Huko ni kukusanya data. (Mtu anaanguka kutoka kwenye benchi kwa kucheka.)

Kwa hivyo kila mfanyakazi atajaza fomu nne, alete picha mbili za pasipoti na barua ya mchungaji, ndipo apewe leseni yake binafsi. Na Isaiah, baba wa watoto watano, anafutwa kazi leo. ("Aaai, Mkurugenzi!") Naumia, lakini sheria ni msumeno.

Teknolojia hoyee! (Hoyee, kwa uvivu.) Mwisho, namshukuru Chepngetich wa jikoni, ambaye ndiye amekuwa akijibu maswali yenu yote kwa simu yake, mkono mmoja ukikoroga chai, kwa sababu mtambo sikununua, na hata hizo fomu hazipo. Na hapa ni mimi Chepngetich niliyeandika: Isaiah hakugawa mashine, aligawa mimi, na kila Ijumaa alinipasulia kuni ndio nipate nafasi ya kuwajibu. Isaiah akienda, mimi pia naweka simu chini. Tua hapa wapige makofi.

(Vigelegele. Chepngetich anatolewa jikoni amebebwa juu, mwiko mkononi. Mkurugenzi anageuza karatasi. Upande wa pili hakuna kitu.)

Ehe. Isaiah, rudi kwa mizani. Asanteni. Mama, chai iko?