Parachuti Mkiani mwa Jeti ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji amekubali! Ameniachia jeti yake, ile nyekundu inayoendeshwa kwa rimoti, ndefu kama meza yetu ya chakula. Kazi yangu: kuiwekea parachuti mkiani. Njia ya kutua pale kwenye klabu yetu ya ndege za rimoti ni fupi, na jeti ikigusa chini hupitiliza hadi kwenye uzio. Parachuti likifunguka nyuma, inasimama. Nimemwambia nimeshatengeneza mengi. Sijatengeneza hata moja.

Mke wangu ndiye aliyemshawishi kaka yake aniamini. Ameniambia nikiiharibu, nitafute dada mwingine wa kuoa. Alikuwa anacheka. Nadhani alikuwa anacheka.

Jumanne, 4 Machi
Nimekata mwavuli wa mke wangu. Mbingu nyeupe pe, hakuna dalili ya mvua, hatauulizia. Ameuulizia.

Hata hivyo parachuti limeshonwa. Kuna kijumba mkiani, kifuniko, springi, na pini inayovutwa na mota ndogo. Jaribio la kwanza: kifuniko kimeruka na kutua kwenye chai ya mke wangu. Nguvu ipo!

Jumatano, 5 Machi
Daktari wa Meno amepita bila kualikwa. Mwanachama mwenzangu, mjuaji kupindukia. Akachungulia mkia kwa kile kioo chake kidogo, nusura aiambie jeti ifunue kinywa. Akauliza parachuti litafunguliwa na swichi ipi.

Nikamweleza kwa madaha. Rubani akitaka kutua hupata kiwewe, anaweza kusahau parachuti. Lakini magurudumu hasahau mtu. Basi nimeviunganisha! Swichi ya kushusha magurudumu ndiyo hiyo hiyo ya parachuti.

Akauliza magurudumu hushushwa ndege ikiwa wapi. Nikamwambia nina kazi nyingi. Wivu tu!

Alhamisi, 6 Machi
Nimeilaza jeti juu ya mto na kubonyeza. Magurudumu nje, parachuti pu! Tena. Pu! Haijakosea hata mara moja.

Ila swali la yule bwana limening'ang'ania kama uzi wa nyama kwenye jino. Nimejijibu hivi: magurudumu hushushwa ndege ikikaribia kutua. Kukaribia ni kuwa karibu. Karibu ni pale pale. Nikapumua. Baada ya muda mfupi nikaacha tena kupumua.

Jumamosi, 8 Machi
Nilitaka kusingizia homa nisiende klabuni kuona jeti ikirushwa. Mke wangu akanishika paji la uso, akanipa viatu.

Shemeji akairusha mwenyewe. Ilipaa vizuri mno, ikapita juu yetu ikipiga mluzi, naye akawa anatabasamu kama siku ya harusi yake. Kisha akatangaza kwa sauti kwamba anashusha magurudumu.

Parachuti likafunguka. Juu, kule kule angani! Zuri, la duara, halina mkunjo. Nikapiga makofi. Peke yangu.

Jeti ikasita, ikainua pua, ikashuka kwa mkia hadi nyuma ya uzio. Shemeji akaokota vipande, akavifunga ndani ya shati lake, kifua wazi mbele ya watu. Sikuweza kumtazama. Niliona aibu hadi masikio yakauma.

Jumapili, 9 Machi
Mke wangu anaongea na ukuta, na ukuta ndio unaoniambia chakula kiko tayari.

Nimekwenda kumwomba shemeji radhi. Akanipokea kwa upole, akauliza kama angalau nimeelewa kosa lilikuwa wapi. Nikamwambia nimeelewa barabara. Injini! Parachuti lilikuwa linavuta nyuma, injini bado inasukuma mbele. Vitu viwili vinagombana, ndege itatulia vipi? Kuanzia sasa, swichi inayoshusha magurudumu na kufungua parachuti itazima na injini pia. Kazi tatu, kidole kimoja!

Shemeji akanifungulia mlango. Ana majonzi, tumpe muda.

Daktari wa Meno ana jeti mbili. Kesho nina miadi kwake. Nimesema gego linaniuma.