Njiwa, Gia na Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti

Habari kubwa! Mama mkwe anakuja Jumamosi. Kapiga simu asubuhi wakati mke wangu anachuja chai, na chai yote ikaishia kwenye sinki. Nimekunywa maji. Sikulalamika.

Ila kuna kazi. Mama mkwe ana desturi yake: hulala kwa mkwe aliyempokea stendi. Wakwe wako wawili. Mmoja ni mimi, fundi makochi. Wa pili ni Mwanyumba, mume wa dada yake mke wangu, kinyozi, mtu wa tabasamu jingi na manukato. Kila safari mama hulala kwa Mwanyumba. Chumba chetu cha wageni kimetandikwa tangu zamani, shuka zimepauka kwa jua la dirishani, hazijawahi kulaliwa na aliyekusudiwa.  Mke wangu huzifua tu, akatandika tena.

Sababu ni Njiwa, pikipiki yangu. Nilimpa jina hilo kwa sababu ya utulivu wake. Zamani. Sasa kila nikitia gia analia kama kabati la chuma linaloburutwa sakafuni. Kwaaach! Safari iliyopita mama mkwe alivumilia gia ya kwanza. Ya pili ilipolia, aliniomba nisimame, akashuka kwenye kona ya shule, akajitwika begi lake akatembea. Mwanyumba akampitia pale pale, kimya kimya. Wanafunzi walishangilia. Sijui walimshangilia nani.

Cha ajabu, Njiwa hana kasoro nyingine. Nimempamba kwa mikono yangu: vishikio vyote viwili vya usukani nimevivalisha sponji nene na ngozi nyekundu iliyobaki kwenye kochi la daktari. Ukivishika ni kama umeshika mashavu ya mtoto. Kelele ilianza wiki ile ile. Husuda za watu!

Jumanne, 5 Agosti

Nimempeleka Njiwa kwa fundi pikipiki. Nilimweleza dalili zote, na nikamshauri afungue injini. Hakufungua kitu. Akakaa juu ya Njiwa, akabana mara moja mkono wa klachi, ule unaobanwa kabla ya kutia gia, akanitazama.

"Toa hili godoro," akasema.

Eti sponji ni nene mno. Eti mkono wa klachi ukibanwa unaishia kwenye sponji kabla haujafika mwisho, kwa hiyo klachi haiachii vizuri, na mimi nalazimisha gia ziingie zikiwa bado zinazunguka. Eti ndiyo maana zinapiga kelele. Nilimuuliza kama anajua bei ya ngozi ile. Akasema sikio la kufa halisikii dawa, akarudi kwenye kazi yake.

Nilikuwa nimeanza kumwamini kidogo. Kisha nikatazama kichwa chake. Kimenyolewa vizuri, pembeni pamechongwa. Ananyolewa kwa nani? Kwa Mwanyumba! Kikulacho ki nguoni mwako. Nimeondoka bila kuaga.

Nyumbani mke wangu akasema na yeye alifikiria hivyo hivyo kuhusu sponji. Nikamwambia kwa upole kwamba mambo ya mashine yana wenyewe.

Jumatano, 6 Agosti

Nimegundua. Oili! Mashine ikilia ina kiu, hata mtoto anajua hilo. Nimenunua oili mpya na kuibadilisha mwenyewe uani. Nilikosa chombo cha kukingia ile chafu, nikaona beseni lina maji ya sabuni, nikafikiri limemaliza kazi yake, nikaimwaga humo. Halikuwa limemaliza. Chini ya povu kulikuwa na shuka za chumba cha wageni.

Mke wangu hakupiga kelele. Ni bora angepiga. Alizitoa moja moja, akazitundika nyeusi vile vile kwenye kamba, mbele ya dirisha la karakana yangu, nizione nikifanya kazi.

Nimeenda kununua shuka mpya. Za maua. Nikiwa njiani nimejaribu gia. Kwaaach! Lakini nadhani ni kwaaach yenye afya zaidi kuliko ya jana.

Jumatano, jioni

Mwanyumba kapita hapa kusalimia. Pikipiki yake ni ile aina isiyo na gia hata moja, unakunja mkono tu inakwenda. Hiyo si pikipiki. Ni kiti kinachotembea. Aliziona shuka nyeusi kwenye kamba akauliza kama tuna msiba. Nikacheka kwa meno tu.

Alhamisi, 7 Agosti

Akili imenijia nikiwa napiga misumari. Kelele haihitaji kuisha. Inahitaji kufichwa! Kila nikitia gia nitakohoa, kikohozi kikubwa, sambamba na gia. Mama mkwe atasikia kikohozi, hatasikia Njiwa.

Nimefanya mazoezi mtaa mzima. Gia ya kwanza, kikohozi. Gia ya pili, kikohozi kirefu. Kwenye tuta, ambapo lazima nishuke gia mbili, nilikohoa mpaka kofia ikashuka machoni.

Matokeo: mwenye duka la dawa katoka mbio kuniuzia chupa ya dawa ya kifua. Jirani kaniletea tangawizi na asali. Mteja wa kochi la kona kasema hana haraka, nipumzike kwanza nipone. Saa tisa dada yake mke wangu kapiga simu: kasikia nimezidiwa, na kwa hali hiyo afadhali Mwanyumba ndiye ampokee mama.

Sauti imenikauka kweli. Tangawizi ni nzuri, hata hivyo.

Ijumaa, 8 Agosti

Nikishindwa kumfanya Njiwa anyamaze, nitamfanya Mwanyumba asimame. Mpango mtamu kuliko yote! Nimemwendea kinyozini na uso wa undugu. Nikamwambia kiti cha pikipiki yake kimechakaa, nami kwa mapenzi ya kifamilia nitamshonea kipya, bure, aniachie mpaka Jumapili. Mwanyumba karibu alie. Alinikumbatia mbele ya wateja, kitambaa cha kunyolea kikiwa begani. Nimeondoka na kiti chake kwapani. Pikipiki bila kiti haimpakii mama wa mtu!

Nilikusudia kukitupa kwenye kona ya karakana. Lakini kile kiti kilikuwa kimeshonwa vibaya, nyie. Mshono umepinda, sponji imelala upande mmoja. Nikasema nitaufumua tu ule mshono mmoja. Nilipoufumua nikasema nitaweka sponji nyingine kidogo. Nilipoinua kichwa, kiti kimekwisha. Ngozi ya kahawia, mishono miwili sambamba, vifungo vitatu vilivyozama kama vitovu. Sponji yote ya karakana imeingia humo, hapakubaki hata kipande cha kufutia gundi. Sijawahi kushona kitu kizuri hivyo.

Mwanyumba alipita jioni kutazama kazi inaendaje. Nilitaka kumwambia bado. Mdomo ukasema, "Tazama mwenyewe." Kakichukua. Amekifunga hapo hapo mlangoni, akaondoka akiruka ruka juu yake.

Mke wangu kaniuliza kwa nini nimekaa gizani. Nikamwambia napumzisha macho.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku ya siku!

Stendi tumefika sote wawili. Mwanyumba kwenye kiti chake cha kifalme. Mimi juu ya Njiwa, kiti kigumu kama benchi la kungojea zamu, kwa sababu cha kwangu sijawahi kukigusa. Mganga hajigangi.

Mama mkwe akashuka na begi, ameshika kiuno. Barabara ilikuwa mbovu. Akatusalimia, akapapasa kiti cha Mwanyumba kwa kiganja, akapitisha kidole kwenye mshono.  Akauliza nani kashona. Kusema kweli Mwanyumba ni muungwana: alisema ni mimi, na kwamba sikuchukua hata senti.

Mama mkwe akakipapasa tena kile kiti.

"Basi mimi nitakwenda na aliyeshona," akasema.

Nilitaka kumbusu Mwanyumba. Nikajizuia.

Lakini alipokaa juu ya Njiwa alishtuka akasimama tena. Kiuno. Akanizunguka, akautazama usukani, akabonyeza ile sponji nyekundu, akautazama mkono wa klachi, akanitazama mimi. Zamani, kabla hajanenepa, alikuwa akiendesha pikipiki ya marehemu baba mkwe kupeleka maziwa. Huenda alikuwa anamkumbuka mzee. Kisha akaniagiza, kwa sauti ya mama, nizitoe hizo sponji zote mbili nimwekee azikalie.

Iliniuma. Nilizichana kwa wembe. Nikazifunga kwenye kiti kwa kamba ya begi, mama akakaa, akasema sawa mwanangu, twende.

Nikavuta pumzi ya kukohoa. Nikatia gia ya kwanza.

Kimya.

Ya pili. Kimya! Ya tatu iliingia kama mkono unaoingia mfukoni. Kikohozi kikanikaa kooni bila kazi. Tulipita kwenye kona ya shule kimya kabisa, mpaka mlinzi wa geti akashtuka tulipokuwa tayari mbele yake. Mwanyumba nyuma yetu alipiga honi kwa shangwe. Oili! Nilijua ile oili itafanya kazi, ilitaka muda tu!

Mke wangu alikuwa mlangoni. Alimshika mama yake mikono yote miwili, wakasimama hivyo. Sasa wako chumba cha wageni, juu ya shuka za maua, nawasikia wanacheka kupitia ukuta. Nimefurahi mpaka sijui nikae wapi.

Jumapili, 10 Agosti

Nimerudisha sponji kwenye vishikio alfajiri, nikaenda kununua mkate. KWAAACH! Mbwa wawili wamekimbia.

Sielewi. Baadaye nikampeleka mama mkwe kutembea, sponji chini yake kama jana. Kimya. Nikamrudisha, nikafunga sponji mahali pake, nikaenda kwa muuza misumari. Kwaaach! Mchana tena na mama: kimya. Peke yangu: kwaaach. Hii si oili. Oili ni ile ile. Nimewaza mpaka chakula kikapoa. Kitu gani kinabadilika? Kitu kimoja tu!

Jumatatu, 11 Agosti

Mama mkwe alikuwa aondoke leo. Nimemkalisha kwenye kochi zuri, nikamweleza kwa adabu matokeo ya utafiti wangu. Njiwa anampenda. Akiwa mgongoni, Njiwa anatulia. Akishuka tu, anaanza kulia. Kwa hiyo namwomba asiondoke, angalau mpaka Njiwa azoee.

Mama mkwe akamtazama mke wangu. Mke wangu akaziba mdomo kwa mkono wa gauni, akakimbilia jikoni, mabega yakitikisika. Machozi ya furaha, bila shaka. Mama mkwe alikohoa kidogo, naye nadhani ameambukizwa, akasema kama ni kwa ajili ya Njiwa basi atakaa mwezi mzima. Akaongeza kwamba sponji zile zinamfaa sana kiuno, nisichoke kumtolea.

Mwezi mzima! Nimempigia Mwanyumba kumwambia. Kafurahi, kaahidi kuja kumnyoa kila mtu bure.

Fundi pikipiki kapita karakana, kauliza kama nimetoa lile godoro. Nimemjibu kwamba kuna magonjwa hayatibiwi kwa spana. Kaondoka akitikisa kichwa chake kilichochongwa.

Kwa furaha hii nimeona si haki mama wa watu ahangaike kungoja nichane na kufunga sponji kila safari. Nimenunua sponji mpya na kumshonea mto wake mwenyewe, mnene, wa maua kama shuka. Za vishikio nazo nimeziongeza unene mara mbili, nikazishona moja kwa moja kwa uzi wa kochi.

Hazitoki tena ng'o. Kesho nampeleka mama mkwe sokoni.